Je, wajua kwa nini mwezi mchanga huonekana duara zima?

Siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, toka nje jioni uutazame. Kando kuna ukingo mwembamba mweupe. Kaza macho kidogo: sehemu iliyobaki nayo inaonekana, imefifia, rangi ya majivu. Jua haliimuliki sehemu hiyo. Tunaimulika sisi.

Nuru ya jua huipiga Dunia, sehemu yake ikaruka hadi Mwezini, kisha ikaturudia machoni. Sisi tuna mbalamwezi. Huko Mwezini ungepata, tuseme, mbaladunia (kamusi zinisamehe). Nayo ni kali, kwani Dunia ina upana wa karibu mara 4 ya Mwezi, na hurudisha takriban asilimia 30 ya nuru inayoipokea. Mwezi hurudisha kama asilimia 12 tu. Leonardo da Vinci alilielewa jambo hili mapema miaka ya 1500, ila alidhani bahari ndizo zinazong'aa. Kumbe bahari hurudisha nuru kidogo tu. Kazi kubwa hufanywa na mawingu.

Miaka ya 1920 mwanaastronomia Mfaransa André Danjon aliamua kuipima nuru hiyo. Alitumia kifaa kilichoonyesha picha mbili za Mwezi bega kwa bega, akawa anaufifisha ule ukingo mweupe mpaka ulingane na upande wa giza. Ujanja uko hapo. Nuru zote mbili hupita katika hewa ileile zikija kwetu, kwa hiyo ukizilinganisha, ukungu na vumbi haviharibu hesabu.

Kituo cha kuchunguza anga cha Big Bear, California, Marekani, kilipima nuru hiyo kuanzia 1998 hadi 2017. Matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha Dunia imefifia: nuru inayoirudisha imepungua kwa karibu nusu wati kwa kila mita ya mraba, kati ya wati 100 hivi. Sehemu kubwa ya upungufu ilitokea miaka 3 ya mwisho, mawingu ya chini yalipopungua mashariki mwa Pasifiki, ambako maji yalikuwa yamepata joto. Nuru isiyorudishwa hubaki huku ikiwa joto.

Ukiutazama mwezi mchanga jioni kutoka Mombasa, majivu yale yametoka magharibi: Atlantiki na misitu ya Amazoni, ambako bado ni mchana. Mwezi mkongwe wa alfajiri humulikwa na Bahari ya Hindi na Asia.