"With" ya withstand si ya pamoja

Mwanafunzi wangu mmoja alipewa sentensi "The wall withstood the flood" aitafsiri. Akaandika: ukuta ulisimama pamoja na mafuriko. Sikumlaumu. Tangu shule ya msingi ameambiwa with ni "pamoja na" na stand ni "simama", akajumlisha.

Kati ya dhana potofu kuhusu withstand, hiyo ndiyo kubwa, na ukweli wake ni mtamu. Katika Kiingereza cha kale, wið, yaani with ya leo, ilibeba hasa maana ya "dhidi ya". Kwa "pamoja na" watu walisema mid, ndugu wa mit ya Kijerumani. Wiðstandan, withstand ya wakati huo, basi ni kusimama dhidi ya kitu, usirudi nyuma. Karne zilivyopita with ikainyang'anya mid kazi yake, mid ikafa, ikabaki imejificha ndani ya midwife, mkunga: mwanamke aliye pamoja na mzazi. Maana ya kale ya with nayo ingali hai kwenye fight with. Kwetu ni vilevile. "Juma anakula na Ali", "Juma anapigana na Ali": na ni ileile, ila Ali wa kwanza ni mwenzake, wa pili ni hasimu.

Wengine hudhani withstand na resist ni kitu kimoja. Resist, ya Kilatini, nayo ina kusimama ndani yake, lakini hutazama tendo la kukataa: anayegoma kukamatwa na polisi, anayekishinda kishawishi. Withstand hutazama kilichobaki baada ya kipigo. Mimi resist huiita kupinga, na withstand kustahimili. Na stahimili ina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba. Mwingereza husimama dhidi ya dhoruba, sisi twaibeba.

Usiandike "withstand against": hiyo "dhidi ya" tayari imo ndani. Wala "withstanded", ni withstood.

Dhana inayoumiza mifuko ni ya notwithstanding, ambayo wengi huisoma kama "kwa mujibu wa". Chukua mkataba wa pango: kifungu cha 5 kinasema kodi haipandi kwa miaka 2. Chini yake kuna sentensi inayoanza "Notwithstanding clause 5", ikimruhusu mwenye nyumba kupandisha kodi. Maana yake ni "licha ya kifungu cha 5". Kile cha 5 hakiwezi tena kusimama njiani, na kodi itapanda.