Uhuru wa kujieleza mitandaoni: yanayodhaniwa na yaliyomo katika sheria

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu mtu kusema lolote. Ukweli ni kwamba kifungu hicho hicho hakilindi propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala uhasama wa kikabila. Mipaka hiyo ni michache na imetajwa waziwazi, na kumkera kiongozi hakumo.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi ni kwamba sheria ya mitandao ikishapitishwa, kila inachokataza kimekatazwa kihalali. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kilimtia hatiani aliyetuma ujumbe wa kuudhi mno au wa uongo wa kumletea mwenzake kero, bila kueleza kuudhi kunaanzia wapi. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikibatilisha, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana kiasi kwamba raia asingeweza kujua ni lini amevunja sheria. Mwaka uliofuata, kosa la jinai la kumchafulia mtu jina nalo lilibatilishwa, ingawa aliyechafuliwa bado anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai.

Naamini kipimo hicho, cha kutaka sheria iseme waziwazi inachokataza, ndicho kinachofaa pia kwa akili unde (AI), kwa sababu hofu ya picha bandia inawafanya watu wema wakubali maneno mapana yaleyale. Picha haiwi kosa kwa kuwa imeundwa na mashine. Sauti bandia inayotangaza kwamba uchaguzi umeahirishwa humnyang'anya mpiga kura haki yake. Picha ya kumdhihaki Rais ni dhihaka tu, sawa na kibonzo cha gazetini. Vijana waliotekwa nyara Desemba 2024 baada ya kusambaza picha za namna hiyo hawakudhibitiwa kisheria, walidhulumiwa.

Wengine hudhani kampuni za Marekani hazifikiwi na mahakama zetu. Aprili 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, kuhusu machapisho ya chuki wakati wa vita vya Ethiopia. Walalamishi hawaombi wananchi wazibwe midomo; wanadai kwamba mfumo wa Facebook wenyewe uliyasukuma machapisho hayo mbele ya watu wengi zaidi, na kwamba wachujaji wa maudhui waliowekwa walikuwa wachache mno.