Vyombo vya kicheni pati: yale tunayodanganyana

Msimu wa harusi ukianza tu orodha za zawadi zinazunguka kwenye magrupu ya wasap, na lazima atokee shangazi mmoja aseme "presha kuka ya umeme msimnunulie, LUKU itamfilisi". Jamani. Ni kweli chini yake imeandikwa wati 1000 hivi, ila haivuti hizo wati muda wote, inavuta kwa nguvu mwanzoni mpaka presha ijae halafu inajikata, inawaka kidogo kidogo tu kuishikilia, kwa hiyo maharage yanaiva kama saa moja na mara nyingi hata yuniti nzima haiishi. Yuniti kwa matumizi ya kawaida ni shilingi 350 na ushee, sasa linganisha na mkaa wa kuchemshia maharage hayo hayo. Kinachokula umeme ni kuyachemsha kwenye jiko la koili, tena sufuria haina mfuniko.

Sufuria ndio inaniuma zaidi. Watu wanaamini ile nzito ya alumini ya kusubu ndio imara, ndio ya maisha. Kukaa inakaa kweli, ila zile za mtaani zinayeyushwa kutoka vyuma chakavu vya kila aina, vipande vya injini, makopo, chochote kilichopatikana, na utafiti mmoja wa 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, zaidi ya theluthi vikaonekana vinaweza kuachia madini ya risasi ya kumdhuru mtu. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa jicho huwezi kuijua, kwa hiyo mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu upikie kwenye stili, na usilaze kiporo chake kwenye alumini, uchachu unazidi kuyatoa hayo madini.

"Nonstiki ikibanduka ukameza unapata kansa." Kile kipande kinapita tumboni na kutoka kama kilivyoingia. Shida ni kukibandika kikaango kitupu kwenye moto mkali huku wewe ndio kwanza unamenya vitunguu, maana kikivuka nyuzi 260 ile rangi ya nonstiki inaanza kuvunjika na kutoa moshi unaoweza kukuletea homa na kifua kubana, na kama una ndege kwenye tundu humo ndani anaweza kufa kabisa. Tia mafuta kwanza, moto wa kati, mwiko wa mbao.

Sahani za melamini nazo, zile za plastiki ngumu, eti kwa kuwa hazivunjiki basi hata kwenye maikrowevu zinaingia. Haziingii! Zinafaa kupakulia tu, ukipashia humo kemikali inahamia kwenye chakula. Pashia kwenye kioo au udongo ulioandikwa unafaa, na ile seti nzuri yenye ukingo wa dhahabu isikaribie huko, inatoa cheche.

La mwisho ni jiko la induksheni, lile linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, watu wanadhani sufuria yoyote ya stili itakubali. Dada, ukienda Kariakoo beba kasumaku kadogo, kabandike chini ya kila sufuria kabla hujalipa, kakinata vizuri hiyo itapika, kakidondoka mrudishie muuzaji, na usishangae zikigoma hata zile za bei mbaya.