Necronomicon haipo, na mengine yanayomchosha mhariri

Jarida letu la hapa Tanga ni dogo, na linamhusu mtu mmoja tu: H. P. Lovecraft wa Providence, Marekani, mtunzi wa hadithi za ajabu na za kutisha. Kila toleo likitoka, barua zinakuja, na haikosi moja inayouliza bei ya Necronomicon, kitabu cha uchawi kinachotajwa katika hadithi zake. Wengine hawaulizi bei, wanauliza kama ni salama kuiweka kwenye nyumba yenye watoto. Kuna aliyetuma hela kwa simu kabla hata ya kuuliza, ikabidi nihangaike kumrudishia. Nimejibu kwa upole vya kutosha. Safari hii najibu kwa wote.

Kitabu hicho hakipo na hakijawahi kuwepo. Lovecraft alikitunga, kama alivyotunga mji wa Arkham na chuo kikuu cha Miskatonic. Jina la anayedaiwa kukiandika, "Mwarabu mwendawazimu" Abdul Alhazred, Lovecraft alijibandika mwenyewe alipokuwa mtoto wa miaka mitano hivi, kichwa kikiwa kimejaa Alfu Lela Ulela. Mtoto yeyote wa madrasa pale Ngamiani akilisoma jina hilo atakwambia limekaa upogo, maana baada ya Abdul hapaji "al" nyingine. Kitabu chenyewe kilitajwa kwanza katika "The Hound", hadithi aliyoiandika mwaka 1922 na iliyochapishwa na jarida la Weird Tales mwaka 1924.

Kinachowapoteza watu ni andiko fupi la mwaka 1927 ambamo Lovecraft alikitungia kitabu hicho historia. Humo anasema kiliandikwa Dameski karibu na mwaka 730, kikatafsiriwa kwa Kigiriki mwaka 950, kisha kwa Kilatini mwaka 1228 na Olaus Wormius. Ametaja na maktaba zenye nakala: British Museum, Harvard, Paris, Buenos Aires. Maktaba hizo ni za kweli. Hata Wormius alikuwepo, tabibu wa Denmark, ila alizaliwa mwaka 1588 na kufa mwaka 1654. Angetafsirije kitabu zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa? Ndivyo alivyofanya kazi huyu bwana: anapanga majina matatu ya kweli, anapenyeza moja la uongo, na msomaji mwenye haraka anayameza yote. Waandishi wenzake nao walimsaidia. Frank Belknap Long alipachika tafsiri ya Kiingereza, eti ya John Dee, mnajimu wa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na Lovecraft akaipokea kwa furaha. Lakini wasomaji walipomwandikia kumuuliza, hakuwaficha: aliwajibu kwamba ni kitu cha kubuni.

Pwani yetu ina udhaifu wake katika jambo hili. Sisi vitabu vya falaki tunavijua. Wapo wazee wenye Shamsul Maarif kabatini, na wapo waliokatazwa na wazazi wao hata kuifunua. Kwa hiyo mtu akisikia habari za kitabu cha Mwarabu cha kuitia viumbe visivyoonekana, haoni sababu ya kushuku. Lakini Shamsul Maarif ina mwandishi anayejulikana, ina miswada ya mkono, ina wachapaji. Necronomicon ina hadithi tu.

"Mbona mimi ninayo kwenye simu?" Unachokiona kwenye simu ni kitabu kilichotolewa New York mwaka 1977 na mtu aliyejiita Simon, kilichochanganya miungu ya Sumeri na majina ya Lovecraft. Lovecraft alikuwa kaburini miaka 40. Kinunue ukitaka, lakini usiniletee makala inayokinukuu kama chanzo. Sheria yangu, na wachangiaji wananichukia kwayo: ukitaja kitabu, nipe mchapaji, mwaka na ukurasa. Kisichokuwa na vitatu hivyo kinaandikwa "kitabu cha kubuni", na mjadala umekwisha.

Mengine ninayoambiwa nayajibu kwa haraka.

Kwamba Lovecraft alikuwa mchawi, au mwabudu shetani. Hakuamini shetani wala malaika. Alijiita mtu wa maada, yaani asiyeamini roho wala miujiza, na viumbe wake wanatisha kwa sababu hawatujali, si kwa sababu wanataka roho zetu.

Kwamba watu-samaki wa hadithi zake aliwatoa kwa silikanti wetu, yule samaki wa kale wa kina kirefu. Hii ya kienyeji kabisa, na najua inapendwa, hasa tangu hifadhi ya bahari ya silikanti ianzishwe hapa mwaka 2009. Lovecraft alifariki tarehe 15 Machi 1937. Silikanti wa kwanza kujulikana kwa wanasayansi akiwa hai alinaswa Afrika Kusini Desemba 1938. Naomba tuiache.

Kwamba kumtolea mtu jarida ni kumsifu. Lovecraft alikuwa mbaguzi, na watu weusi aliwatukana kwa maandishi, likiwemo shairi la mwaka 1912 ambalo silirudii hapa. Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, alishinda World Fantasy Award, tuzo ya hadithi za ajabu, mwaka 2011 akakabidhiwa sanamu ya kichwa cha mtu huyo huyo, na akaeleza hadharani jinsi jambo hilo lilivyomkaa. Mwaka 2015 waandaaji wakatangaza kuiacha sanamu hiyo. Makala za namna hii ndizo ninazozitafuta. Za "gwiji asiye na mfano" ninazo za kufungia vitumbua.

Kwamba tunahitaji kibali cha ukoo wake. Hakuacha mtoto, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Hesabu mwenyewe. Tahadhari ni kwa tafsiri na michoro ya watu wengine: hizo zina wenyewe, usizichukue.

Na ya mwisho, inayotoka kwa wachangiaji: "Mhariri, niongezee ukurasa mmoja tu." Ukurasa mmoja haupo. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inazaa kurasa nne, kwa hiyo jarida ni kurasa 32 au 36, hakuna 33. Wala usiniambie nibandike kikaratasi kwa pini. Pini kwa hewa hii ya chumvi zinaota kutu na kula karatasi. Tunashona kwa sindano na uzi, na ninamshauri kila mwenye kijarida pwani afanye hivyo hivyo. Makala ikizidi, ama ukate, ama uandike kurasa tatu zaidi zenye maana.