Dabi moja, mmoja roho juu na mwingine anasinzia

Wanandoa huniuliza: inakuwaje mmoja ashindwe hata kula kwa sababu ya Simba na Yanga, na mwenzake waliyekaa kochi moja aanze kusinzia kabla ya mapumziko? Wengi hutarajia niseme kwamba wa kwanza ana utoto au wa pili hana hisia. Mimi ni mwanasaikolojia, na sikubaliani na yote mawili. Kwa ninavyoona, kinachowatofautisha ni kama mtu ana cha kupoteza, na kama anajua pa kutazama.

Kupoteza ndiko kuzito zaidi. Dolf Zillmann, mtafiti wa burudani, alieleza kuwa raha ya mtazamaji hutegemea anampenda nani na hampendi nani. Asiye na upande hana anachohofia, na bila hofu ndogo hakuna msisimko. Shabiki wa Simba au Yanga, timu mbili za Kariakoo, mara nyingi amerithi upande wake kabla hajajua kusoma. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, kwa hiyo ubishi huu ulikuwepo nyumbani tangu enzi za babu. Filimbi inapopulizwa, shabiki wa Simba bado anayakumbuka mabao matano aliyompiga mtani mwaka 2012, na wa Yanga anayo matano yake ya Novemba 5, 2023. Mgeni anaona dakika 90 tu.

Na mwili unashiriki kweli. Brazil na Italia zilipocheza fainali ya Kombe la Dunia 1994, watafiti walipima mate ya mashabiki wanaume kabla na baada ya mechi. Homoni ya testosteroni ilipanda kwa mashabiki wa Brazil, walioshinda kwa penalti, na ikashuka kwa wale wa Italia. Hakuna hata mmoja wao aliyegusa mpira! Robert Cialdini na wenzake nao walionyesha mwaka 1976 kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walivaa zaidi nguo za chuo chao Jumatatu baada ya timu yao kushinda. Aliyepita mitaa ya Dar es Salaam siku moja baada ya dabi hahitaji kushawishiwa.

Kisha kuna jicho. Mwaka 2008 Salvatore Aglioti na wenzake huko Italia waliwaonyesha watu video za mitupo huru ya kikapu. Wachezaji waliobobea walitabiri mapema kuliko makocha na waandishi wa michezo kama mpira ungeingia, kwa kusoma mwili wa mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi. Asiyezoea hufuata mpira tu, na katika soka mpira unaweza kuzunguka muda mrefu bila bao. Mzoefu ameshaona beki wa pembeni amepanda na nyuma yake kuna uwazi. Mtu huchoka pale akili inapotaka kushika kitu ikakosa pa kushika.

Ndiyo maana sishauri kumwanzishia mtu na sheria ya kuotea. Mpe kisa. Clatous Chama, Mzambia aliyependwa sana Msimbazi, nyumbani kwa Simba, alivaa jezi ya Yanga mwaka 2024. Mpenzi wa tamthilia ataelewa hapo hapo jinsi watu wa Simba walivyoumia, na akimwona Chama uwanjani atakuwa na mtu wa kumfuatilia. Moyo unaolilia tamthilia hauna upungufu wowote; haujapata tu wa kumlilia kwenye mechi. Kibanda umiza, kile cha kulipia kutazama mechi pamoja, nacho husaidia, maana kelele za waliokuzunguka hukuonyesha lini utazame na wapi.

Wapo ambao hata hivyo hawatavutiwa. Kuna watu ambao kutojua matokeo huwapa wasiwasi mtupu, usio na utamu wowote ndani yake, na hao nawaomba wenzi wao wasiwalazimishe. Mwambie tu mechi inaisha saa ngapi.