Kuvunjika kwa kifundo cha mkono: maana yake na jinsi kunavyotibiwa

Mtu anateleza kwenye sakafu yenye maji, na kabla hajawaza lolote mkono umeshatangulia kumkinga. Kiganja kinapokea uzito wa mwili mzima. Anainuka, anajaribu vidole, vinacheza. "Nimeteguka tu," anasema, kisha anaomba akandwe kwa maji ya moto.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Vidole kucheza si ushahidi kwamba mfupa ni mzima. Misuli mikubwa inayovivuta iko juu, kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, na hufanya kazi kwa kano ndefu zinazopita kifundoni kama kamba. Kamba hizo huweza kuvuta vizuri ilhali mfupa ulio chini yake umepasuka. Kwa hiyo usikande wala usivute. Vua pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba, uegemeze kwenye kitu kigumu, hata gazeti lililokunjwa, uufunge kwa kitambaa, uuinue, kisha nenda ukapigwe picha ya eksirei.

Kifundo cha mkono ni pale kiganja kinapoungana na kigasha. Mna vifupa 8 vidogo vilivyojipanga safu mbili, pamoja na ncha za mifupa miwili mirefu ya kigasha. Ukiambiwa kifundo kimevunjika, uliza ni mfupa upi, maana matibabu yanategemea sana jibu hilo.

Unaovunjika mara nyingi zaidi ni ncha ya mfupa mrefu wa upande wa dole gumba. Ikisukumwa kuelekea mgongo wa mkono, kifundo kikitazamwa kwa ubavu huwa na mbinuko kama wa uma uliofudikizwa mezani. Abraham Colles, daktari mpasuaji wa Ireland, alieleza aina hii mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa.

Mfupa unaonitia wasiwasi zaidi ni mmoja wa vile vifupa 8 vidogo: skafoidi. Nyoosha dole gumba kama unayeomba lifti. Kwenye shina lake, upande wa mgongo wa mkono, pataonekana kishimo kati ya kano mbili. Skafoidi imelala hapo chini. Aliyeanguka akisikia maumivu anapobonyezwa kishimo hicho, achukuliwe kuwa amevunjika mpaka ithibitike vingine. Sehemu kubwa ya damu ya kifupa hiki huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea kigasha. Ufa ukiikata njia hiyo, kipande cha nyuma hukaa na njaa: huchelewa kuunga, na pengine hufa kabisa. Tena ufa wenyewe huweza kujificha kwenye picha ya kwanza. Ndiyo maana daktari makini huufunga mkono hata picha ikiwa safi, akarudia baada ya siku 10 hadi 14, au akaagiza kipimo cha CT au MRI, picha zinazoonyesha mfupa kwa undani zaidi. Rudi siku uliyopangiwa, hata kama maumivu yamepungua.

Vipande vikiwa mahali pake, hufungwa plasta ngumu, ile wengi wanayoiita hogo. Vikiwa vimehama, mgonjwa hupewa dawa ya ganzi, mkono ukavutwa na kunyooshwa, ndipo ukafungwa. Vikikataa kutulia, au ufa ukiwa umevuruga uso wa kiungo, upasuaji huhitajika ili vishikwe kwa waya, au kwa bamba la chuma na skrubu. Mtu mzima kwa kawaida hukaa na hogo wiki kama 6, watoto huunga upesi zaidi, na skafoidi huweza kuchukua wiki 12 au zaidi.

Ndani ya hogo, vidole vikifa ganzi, vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Mkono uliovimba ndani ya hogo lililobana huweza kukosa damu.

Vidole, kiwiko na bega vichezeshwe tangu mwanzo, kama daktari hajakataza. Hogo likitolewa, mkono utaonekana mwembamba, mkavu na mkaidi. Hali hiyo ni ya kawaida, na mazoezi huurudisha taratibu. Na aliyevunjika ni mtu wa makamo au mzee aliyeanguka tu akiwa amesimama? Aombe mifupa yake ipimwe, kwani huenda imeanza kudhoofika, na udhaifu huo ukigunduliwa sasa unaweza kutibiwa kabla hajaanguka tena na kuvunjika nyonga.