Je, wajua kwa nini Shelisheli ni nchi ya kipato cha juu ilhali uchumi wake haufiki asilimia 3 ya uchumi wa Tanzania?

Mwaka 2023 pato la taifa la Tanzania lilikuwa takriban dola bilioni 79. La Shelisheli lilikuwa takriban dola bilioni 2.1. Ukiishia hapo utasema hakuna cha kulinganisha. Gawanya sasa kwa watu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na Washelisheli ni laki moja na ushee tu, wachache kuliko wakazi wa wilaya nyingi za Tanzania. Pato la wastani la Mtanzania linakuwa kama dola 1,200 kwa mwaka, na la Mshelisheli linapita dola 17,000. Tangu 2015 Benki ya Dunia inaiweka Shelisheli katika kundi la nchi za kipato cha juu, kundi moja na Ufaransa na Japani. Tanzania iliingia kipato cha kati cha chini Julai 2020.

Maelezo yanayotolewa haraka kuhusu jambo hili ni kwamba wako wachache, kwa hiyo kila mtu anapata fungu kubwa. Utayasikia vijiweni, utayasikia hata kwa wasomi. Yana mvuto kwa sababu hesabu yenyewe ni ya kugawanya, na ukigawanya kwa namba ndogo jibu huwa kubwa. Lakini si kweli, na inafaa kuona ni kwa nini.

Pato la taifa si ghala lililojaa tayari, likisubiri watu wapange foleni. Ni jumla ya thamani ya vitu na huduma ambazo watu hao hao wamezalisha kwa mwaka mzima. Mtu mmoja akiondoka, fungu lake linaondoka na kazi yake pia inaondoka. Kama uchache ungekuwa ndio siri, basi visiwa vidogo vyote vingekuwa na hali nzuri. Hatuna haja ya kwenda mbali kupata ushahidi. Komoro iko katika Bahari ya Hindi kama Shelisheli, ina visiwa vitatu vya Ngazija, Nzwani na Mwali, na watu wake hawafiki milioni moja. Ardhi yake ni kubwa mara nne ya ile ya Shelisheli, na inauza vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi. Hata hivyo pato la wastani la Mkomoro ni kama dola 1,500, jirani kabisa na la Mtanzania, na sehemu kubwa ya fedha zinazozunguka nchini mwake hutumwa na ndugu walioko Ufaransa. Kisiwa kidogo, watu wachache, na hesabu ya kugawanya haikuwatajirisha.

Hata Shelisheli yenyewe haikuanza hivi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa nchi ya mbata na mdalasini, na aliyetaka kufika huko alipanda meli, mara nyingi ile iliyokuwa ikipita kati ya Mombasa na Bombay. Watu walikuwa wachache kuliko leo, na umaskini ulikuwepo. Kilichobadilisha mambo ni uwanja wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa kisiwani Mahé mwaka 1971. Baada ya uhuru wa 1976, miaka ya 1980 ikaleta meli kubwa za kuvua jodari, na mwaka 1987 kiwanda cha kusindika samaki wa kopo kikafunguliwa Victoria, mji mkuu. Elimu na afya zikatolewa bure. Basi swali si ni watu wangapi wanagawana. Swali ni kila mfanyakazi anauza nini, na anamuuzia nani. Mshelisheli anayehudumia chumba cha hoteli anamuuzia mgeni anayelipa kwa bei za Ulaya na Ghuba. Mkulima wa mahindi wa Rukwa anamuuzia mtu wa Dar es Salaam ambaye kipato chake hakipishani sana na chake. Watalii waliofika Shelisheli mwaka 2023 walizidi 350,000, yaani takriban watatu kwa kila mwenyeji. Tanzania mwaka huo ilipokea watalii milioni 1.8, rekodi kwa wakati huo, lakini hiyo ni sawa na mgeni mmoja kwa Watanzania zaidi ya 30.

Hapo ndipo kosa la pili linapoingia, nalo limejificha zaidi: kudhani kwamba zile dola 17,000 ziko mfukoni mwa Mshelisheli. Fuata fedha ya usiku mmoja hotelini. Mgeni analipa. Sehemu ya malipo hayo hubaki kwa kampuni inayomiliki hoteli, ambayo mara nyingi makao yake yako nje. Umeme wa chumba hutoka zaidi kwenye majenereta yanayotumia mafuta yaliyoagizwa. Viazi, nyama ya ng'ombe, ngano, maziwa na divai vimekuja kwa meli au ndege. Waliojenga ukumbi wengi wao ni mafundi kutoka India na Bangladesh wanaotuma mshahara kwao. Hata walimu wa shule huajiriwa kutoka nje, wakiwamo Wakenya. Mwisho wa safari, fedha inayobaki kisiwani ni pungufu sana kuliko ile iliyoandikwa kwenye risiti ya mgeni. Wahasibu wa takwimu huondoa thamani ya bidhaa zilizoagizwa kabla ya kuandika pato la taifa, kwa hiyo bidhaa hizo haziwadanganyi. Faida ya mmiliki wa kigeni, lakini, huhesabiwa ndani ya pato hilo ingawa haikai nchini.

Kopo la jodari linaonyesha jambo hilo hilo vizuri zaidi. Eneo la bahari la Shelisheli lina kilomita za mraba takriban milioni 1.3, kubwa kuliko nchi kavu yote ya Tanzania. Jodari wengi wa humo, hata hivyo, huvuliwa na meli za Hispania na Ufaransa. Kwa mkataba wa miaka sita ulioanza 2020, Umoja wa Ulaya ulikubali kulipa euro milioni 5.3 kwa mwaka, na wenye meli wanalipa ada zao juu ya hapo. Samaki huyo akishushwa bandarini Victoria na kununuliwa na kiwanda, kwenye vitabu anaandikwa kama bidhaa iliyoagizwa kutoka nje, hata kama alivuliwa karibu na Mahé. Kiwanda chenyewe asilimia 60 ni cha kampuni ya Thailand, Thai Union, na asilimia 40 ni cha serikali. Kopo likipakiwa kwenda Ulaya linaonekana kama mauzo makubwa ya nje. Toa thamani ya samaki, bati na mafuta ya kula, na kinachobaki cha Washelisheli ni mishahara, kodi, huduma za bandari na fungu la serikali kwenye faida. Si haba, lakini si lile jina kubwa la "muuzaji wa jodari duniani".

Tofauti ya kweli kati ya uchumi mdogo wa kisiwa na uchumi wa nchi kubwa ninaona inaeleweka vizuri ukifikiria nyumba mbili. Ya kwanza iko Sinza, jijini Dar es Salaam: baba na mama wote wana ajira, mshahara ni mzuri, wanaishi kwenye nyumba ya kupanga isiyo na hata kipande cha bustani. Mchele wananunua, mchicha wananunua, maji wanalipia, mkaa au gesi wanalipia. Ya pili iko Mbozi, wilaya ya wakulima mkoani Songwe: familia kubwa yenye mahindi ghalani, maharage, migomba, kuku na kahawa kidogo ya kuuza. Ukiwauliza wote wawili waliingiza shilingi ngapi mwaka jana, nyumba ya Sinza itaonekana tajiri mara nyingi, na kwa mambo mengi ni kweli: watoto wake wanasoma shule nzuri na akiugua mtu wanamfikisha hospitali nzuri. Lakini mshahara ukikatika mwezi mmoja, Sinza inatikisika kabla mwezi haujaisha, kwa sababu kila kitu kilichomo jikoni kilipitia kwenye mshahara ule. Mbozi kahawa ikikosa bei watakosa ada na mabati ya nyumba, ila jioni ugali utaiva. Na kuna jambo jingine: Mbozi jirani humuuzia jirani. Mmoja ana mbuzi, mwingine ana cherehani, mwingine ana mashine ya kusaga. Sinza kwenye ile nyumba moja hakuna wa kumuuzia mwenzake. Biashara yote iko nje ya mlango.

Shelisheli ni nyumba ya Sinza. Mchele, mafuta, dawa, saruji na magari vyote hununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zinaingia kwa milango miwili mikubwa, utalii na samaki. Tanzania nayo inahitaji dola kwa mafuta, mbolea na mitambo, na dola zikiadimika sote tunajua. Lakini robo hivi ya uchumi wake ni kilimo na ufugaji, chakula kikuu kinalimwa ndani, na mamilioni ya mauziano ya kila siku, kuanzia soko la Makambako hadi Kariakoo, hayamhusu mgeni yeyote.

Tumepata kuona nyumba hizo mbili zikipigwa na dhoruba moja. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, watalii wa Shelisheli walishuka kutoka 384,000 hivi hadi kama 115,000, pungufu ya asilimia 70. Wa Tanzania walishuka kutoka milioni 1.5 hadi 620,000 hivi, pungufu ya asilimia 59. Anguko la utalii halikupishana sana. Matokeo yalipishana mno: uchumi wa Shelisheli ulisinyaa kati ya asilimia 8 na 12 kwa makadirio mbalimbali, na rupia yake ikaporomoka kutoka kama 14 kwa dola hadi zaidi ya 20. Tanzania serikali ilitangaza ukuaji wa asilimia 4.8, Benki ya Dunia ikakadiria asilimia 2, na hata ukichukua ile ndogo bado ni ukuaji. Tahadhari inahitajika hapa, maana Tanzania haikufunga shughuli kama nchi nyingine na dhahabu ilikuwa na bei nzuri mwaka ule, kwa hiyo si yote yaliyotokana na ukubwa wa nchi.

Shelisheli ilikwisha kupita njia hiyo kabla. Mwaka 2008 bei za mafuta na chakula zilipanda duniani, fedha za kigeni zikaisha, bidhaa zikaadimika madukani, na Oktoba nchi ikashindwa kulipa riba ya hatifungani yake, yaani hati ya mkopo iliyouzwa kwa wawekezaji, ya dola milioni 230. Novemba rupia ikaachwa ijitafutie bei sokoni kwa masharti ya mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na ikapoteza karibu nusu ya thamani yake. Hiyo ilikuwa nchi ambayo tayari wakati ule wastani wake wa kipato ulikuwa miongoni mwa ya juu kabisa Afrika.

Pato la Mtanzania nalo lisichukuliwe kama lilivyo. Mahindi yanayoliwa na aliyeyalima hukadiriwa bei na kuingizwa kwenye pato la taifa, lakini ni makadirio. Mama lishe, bodaboda na fundi wa mtaani hawatoi taarifa za mapato. Tanzania ilipobadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia uchumi, mwishoni mwa 2014, uchumi ulionekana mkubwa kwa zaidi ya robo, bila mtu yeyote kuongeza gunia shambani. Kisha kuna bei: sahani ya chakula na kodi ya chumba Victoria ni ghali sana ukilinganisha na Dodoma. Ukirekebisha kwa uwezo wa fedha kununua vitu, ile tofauti ya mara 14 hushuka hadi takriban mara nane. Mara nane bado ni pengo kubwa, na mtoto wa Shelisheli kwa kweli anaishi miaka mingi zaidi na anakaa shuleni muda mrefu zaidi.

Lakini wastani huo mkubwa wa Shelisheli una gharama inayoonekana siku ya kukopa. Tanzania, kwa kuwa kipato chake ni kidogo, inakopa kutoka mfuko wa Benki ya Dunia wa nchi maskini kwa riba ndogo na muda mrefu wa kulipa. Shelisheli, kwa kuhesabiwa tajiri, mlango huo haupati. Oktoba 2018 ilipotaka dola milioni 15 kwa ajili ya kulinda bahari na kuendeleza uvuvi, ilibidi iuze hatifungani ya buluu, ya kwanza ya aina hiyo duniani kutolewa na nchi. Riba ilikuwa asilimia 6.5, na ilishuka hadi karibu asilimia 2.8 kwa sababu tu Mfuko wa Mazingira Duniani ulibeba sehemu yake na Benki ya Dunia ikaweka dhamana.